Betri za sola zinayeyushwa nyuma ya nyumba yetu: kiwanda kifungwe au kibaki?

"Mtaalamu, habari za kazi. Naishi mtaa ulio karibu na viwanda huku pwani ya Kenya. Nyuma ya nyumba zetu kuna kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu. Zamani zilikuwa za magari, siku hizi nyingi ni za sola. Mume wangu ni kibarua pale. Mtoto wetu ana miaka mitatu, hali chakula vizuri, tumbo linamuuma mara kwa mara na amechelewa kusema. Wenye kiwanda wanasema wao ndio wanaotunza mazingira, maana bila wao betri zingetupwa ovyo. Vibarua wanapewa maziwa ya kuosha sumu. Majirani tumegawanyika, wengine wanataka kifungwe kesho, wengine wanauliza watu watakula nini. Sola mwenyewe naipenda, ndiyo inayotuwashia taa. Inawezekana umeme msafi ukawa ndio unaotudhuru? Na tukidai, tudai nini?"

Dada, pole na wasiwasi. Barua yako ina mambo matatu yaliyosukana: afya ya mtoto, hatima ya kiwanda, na kama sola yenyewe ndiyo ya kulaumiwa. Naanza na mtoto, kwa sababu mkutano wa mtaa unaweza kungoja wiki mbili lakini ubongo wa mtoto wa miaka mitatu haungoji.

Kutoka huku siwezi kukwambia kwamba mwanao ana sumu ya risasi, yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani ya betri. Tumbo kuuma, kukataa chakula na kuchelewa kusema vina sababu nyingi nyingine, kuanzia minyoo na upungufu wa damu hadi masikio yasiyosikia vizuri. Hapo ndipo risasi inapowapoteza watu: haina dalili yake peke yake. Mtoto anaweza kubeba kiasi cha kumpunguzia akili na bado anacheza na kucheka. Akipelekwa zahanati anapewa dawa ya minyoo na kurudi nyumbani. Kinachotoa jibu ni kipimo cha risasi kwenye damu. Kwa hali uliyonieleza, baba anayefanya kazi ya kuyeyusha betri na nyumba inayopakana na kiwanda, mtoto huyo alistahili kupimwa hata kama asingekuwa na dalili yoyote. Na wewe na baba yake pia.

Kwa nini mtoto kuliko mtu mzima? Mwili hauitambui risasi kuwa ni adui. Unaichukulia kuwa ni kalisiamu, madini ya kujengea mifupa, kama mlinzi anayemfungulia geti mwizi kwa sababu amevaa sare. Inapita kwenye utumbo, inaingia kwenye damu, inafika kwenye ubongo unaokua, na kinachobaki kinahifadhiwa mifupani. Risasi ikimezwa, mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima. Akiwa na njaa au upungufu wa madini ya chuma mwilini hufyonza zaidi. Na mtoto wa umri huo kila kitu ni mdomoni: mikono, vijiko vya kuchezea, mchanga. Kwenye damu risasi hupungua kwa nusu kwa muda wa kama mwezi mmoja, ila ile ya mifupani hukaa miongo ya miaka. Mwanamke aliyekulia karibu na kiwanda anaweza kuja kuirudisha kwenye damu yake akiwa mjamzito, ikampata mtoto ambaye kiwanda chenyewe hatakikuta.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa 2021 unataka mtu akipatikana na maikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kukomeshwa. Kwa mtoto aliyefika 45, daktari hutumia dawa maalumu inayoishika risasi na kuitoa mwilini. Kati ya namba hizo mbili ndipo wanapoangukia watoto wengi wa mitaa kama wenu, na dawa yao ya kwanza ni kuondolewa kwenye vumbi. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu najua kuna watu wanauza unga na chai za "kutoa sumu". Usinunue. Hata ile dawa halali ya hospitali ina madhara yake, na mtoto akishapewa kisha akarudi kucheza kwenye udongo uleule, kazi yote inakuwa bure.

Sasa maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, na mtu anayepata kalisiamu na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Basi, hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Hayaoshi kitu kilichokwisha kuingia kwenye damu wala mifupa, na hayamsaidii kibarua anayeivuta kwa pua siku nzima. Mwajiri anayegawa pakiti ya maziwa badala ya barakoa yenye kichujio, bafu na kipimo cha damu amechagua kilicho rahisi kwake. Mwambie mume wako ayanywe, kwa nini ayaache, lakini asiyahesabu kuwa ni kinga.

Kosa la pili nilisikialo mara kwa mara ni watu kuutazama moshi tu. Bomba likifuka wanafunga madirisha, likinyamaza wanasema leo hewa nzuri. Moshi ni sehemu ya tatizo, lakini risasi haibaki hewani. Inatua: kwenye mabati, kwenye mtungi wa maji ya mvua, kwenye sukuma wiki, kwenye udongo wa uani wanapochezea watoto na wanapodonoa kuku. Ikishatua haiozi na haioshwi na mvua ikaisha. Kuchemsha maji hakuiondoi, maji hupungua sufuriani na risasi inabaki palepale. Halafu kuna njia ambayo haihitaji hata kuishi karibu na kiwanda, nayo ni nguo za baba. Vumbi la kazini huja na shati, viatu na nywele, mtoto anambeba shingoni, wanalala kitanda kimoja.

Kwa hiyo wakati mnasubiri kipimo, leo jioni fanyeni haya. Mume wako abadilishe nguo na viatu kabla ya kuingia ndani, aoge mwili mzima na nywele, ndipo amshike mtoto. Nguo zake zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe uani mtoto anapocheza. Ufagio mkavu uweke kando, piga deki kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ufagio unalirusha vumbi hewani tu. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Tandika mkeka mahali anapokaa chini. Maji ya mvua kutoka kwenye paa hilo yawe ya kufulia. Mboga zilizopandwa ukutani mwa kiwanda ziacheni, na mayai ya kuku wanaozurura hapo mtoto asipewe mpaka udongo upimwe. Najua si kila nyumba ya kupanga ina pa kuogea kabla ya kuingia ndani. Fanya linalowezekana, ukianza na nguo na mikono.

Tuje kwenye sola, maana hapa pana ukweli mchungu na pana uongo pia.

Betri ya kawaida ya risasi, iwe ya gari au ya sola, zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi yenyewe, iliyozamishwa kwenye asidi kali tunayoiita maji ya betri. Kwenye sola ya nyumbani huishi miaka miwili hadi mitano, na ikizoeshwa kuisha chaji kabisa kila usiku hufa mapema zaidi. Kila nyumba inayopata taa leo ina betri itakayochakaa kabla mtoto wa darasa la kwanza hajamaliza shule ya msingi. Hiyo si siri, waliouza mitambo walijua. Kilichokosekana ni mtu wa kulipia safari ya mwisho ya betri.

Na risasi inaweza kuyeyushwa bila kuua watu. Marekani na Ulaya karibu betri zote za aina hii hurudishwa na kuyeyushwa upya. Kiwanda kinachofanya kazi hiyo sawasawa kina mashine ya kuvunjia betri ndani ya jengo lililofungwa. Kinavuta hewa yake kupitia vichujio, kinaiondolea asidi ukali wake kabla ya kuimwaga, na mabaki ya tanuri kinayahifadhi pasipofikiwa na mvua wala watoto. Wafanyakazi wanaacha nguo za kazi hukohuko, wanaoga, na damu yao hupimwa mara kwa mara. Yote hayo ni ghali. Aliyeyakwepa ana akiba mfukoni, na kwa akiba hiyo anaweza kumpa mwokota chuma chakavu bei nzuri kuliko mwenzake anayefuata sheria. Betri zinaelekea kwake kama kawaida ya soko, na yule mwema anakosa malighafi. Ndiyo maana viwanda vichafu havifi vyenyewe kwa ushindani, vinashinda. Pengo la bei linalipwa na nyinyi, kwa damu ya watoto na kwa udongo.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, umeme msafi unaweza kuwadhuru watu, pale uchafu wake unapohamishiwa kwa wasioweza kuukataa. Kauli ya kiwanda kwamba bila wao betri zingetupwa ina ukweli nusu. Betri nzima iliyotupwa ni hatari. Betri elfu zilizovunjwa kwa shoka ukutani mwa nyumba ya mtu ni hatari zaidi.

Mfano wa nyumbani unaujua, au umewahi kuusikia: Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha namna hiyo kilianza kazi kando ya mtaa huo mwaka 2007. Phyllis Omido aliyekuwa akifanya kazi pale aliuguliwa na mtoto wake, mtoto akapimwa, ikaonekana ni risasi. Akaacha kazi akaanza kuwakusanya wakazi, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuamuru udongo usafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua sehemu ya hukumu hiyo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia. Angalia tarehe hizo. Tangu mlango ufungwe hadi neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi, na mtoto aliyekuwa wa miaka mitatu kiwanda kilipofungwa alikuwa wa kumi na mitatu.

Hilo ndilo linalonifanya nisikubaliane moja kwa moja na majirani wanaotaka kifungwe kesho na yaishe. Hayaishi. Kabwe, Zambia, mgodi na kiwanda cha risasi vilifungwa mwaka 1994, na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wanapimwa na kukutwa na risasi. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, kati ya mwisho wa 2007 na mapema 2008 walikufa watoto 18. Huko kulikuwa na uvunjaji wa betri wa miaka mingi, kisha bei ya risasi ikapanda, wakazi wakaanza kuchekecha udongo uleule ili wauze chembe zilizobaki. Waliofanya hivyo walikuwa kina mama wanaotafuta riziki. Mtaa ukibaki na udongo wenye sumu na watu wasio na kazi, umeuandalia msiba mwingine.

Wala sikubaliani na wanaosema kibaki kwa sababu ya ajira. Tanuri la risasi halina mahali katikati ya makazi, hata liwe na vichujio vya kisasa. Kichujio huchakaa, mtambo hukatika umeme, malori hudondosha vumbi njiani, na ukuta wa matofali hauzuii kitu. Wakikuambia wataweka bomba refu zaidi, jua kwamba bomba refu huipeleka sumu mtaa wa pili. Msimamo wangu, na mtakaosema mimi ni mkali semeni, ni kwamba kuyeyusha kusimame sasa na kusirudi hapo kamwe.

Kati ya misimamo hiyo miwili kuna nafasi ya kufanya kazi, ndiyo watu wa vyama vya wafanyakazi wanayoiita mpito wa haki, yaani kuacha kazi chafu bila kuwatupa walioitegemea. Eneo hilo linaweza kugeuzwa kituo cha kukusanyia betri nzima, zisizovunjwa, zikipangwa juu ya sakafu ya zege isiyovuja na chini ya paa, kisha zikasafirishwa kwa kiwanda chenye uwezo. Zikivuka mpaka lazima pawe na idhini ya maandishi ya nchi zote zinazohusika, maana Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaodhibiti kusafirisha taka hatari nchi hadi nchi, unazihesabu kuwa taka hatari. Kazi ya ukusanyaji ina vibarua wake. Kusafisha udongo kuna vibarua wake pia, na wakazi wa hapo wawe wa kwanza kuajiriwa, wakiwa na mafunzo na vifaa kamili. Sitakudanganya kwamba nafasi zitatosha kila mtu au kwamba zitalipa sawa. Afrika Kusini, kituo cha umeme wa makaa cha Komati kilizimwa Oktoba 2022 kwa sifa nyingi na ahadi za sola na mafunzo. Tume ya rais ya tabianchi ya nchi hiyo ilipokwenda kuchunguza ikaona maandalizi kwa wafanyakazi na wakazi hayakuwa yametosha kabla ya kuzima. Kwa hiyo mshahara wa miezi ya mpito, vipimo vya damu na pesa za kusafisha viandikwe kabla geti halijafungwa. Mwekezaji akishaondoka, mtamdai nani?

Na betri za litiamu? Zinaingia kwa kasi, kwenye sola na kwenye bodaboda za umeme. Hazina risasi na zinaishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo ukibadilisha ya kwako na uwezo unao, chagua hiyo. Lakini zikipondwa au kutobolewa hushika moto mgumu kuzima na kutoa gesi yenye sumu. Tusipojipanga, baada ya miaka kadhaa utaniandikia barua ya pili.

Mkidai, dai la kwanza liwe karatasi. Ombeni leseni ya mazingira ya kiwanda na ripoti zake za ukaguzi kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Katiba ya Kenya, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba amekwisha kuumia. Maana yake hamhitaji kungoja mtoto azidiwe ndipo msikilizwe. Udongo na upimwe na maabara isiyolipwa na kiwanda, kwa sampuli za uani, barabarani na shuleni. Kwa kulinganisha, tangu 2024 Marekani inachukulia miligramu 200 kwa kilo ya udongo wa makazi kuwa kiwango cha kuanza kuchunguza zaidi. Zamani ilikuwa 400.

Mume wako ana madai yake, tofauti na ya mtaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kumlinda, na ile ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka huohuo inahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi. Kuitwa kibarua hakumvui haki hizo. Aandike tarehe alizofanya kazi, kazi gani, na nani alikuwa msimamizi, hata kwenye daftari la mtoto, na majina ya wenzake wawili watatu walioshuhudia. Asiende peke yake ofisini kudai, waende kwa kundi. Najua anayeuliza sana huachwa getini kesho yake.

Mpelekeni mtoto kwenye hospitali ya kaunti au ya rufaa wiki hii, zahanati ndogo huenda haina kipimo hicho. Damu ichukuliwe kwenye mshipa, kwa sababu tone la kidoleni linaweza kuchafuliwa na vumbi la ngozi na kutoa jibu la uongo. Apimwe pia wingi wa damu na madini ya chuma, na masikio yake yaangaliwe. Akipata degedege, akitapika mfululizo, akilegea na kusinzia kupita kawaida au akianza kuyumba anapotembea, usingoje miadi: nenda usiku huohuo. Ikiwa una mimba au unanyonyesha, liseme mapema. Usiache kunyonyesha kabla ya kupimwa na kushauriwa. Na ukifika mbele ya daktari usianze na tumbo, anza na kazi ya baba: "Mume wangu anayeyusha betri, na tunaishi nyuma ya kiwanda." Madaktari wengi hawaulizi hilo, na bila hilo utarudi na dawa ya minyoo.